Kidonge chekundu tulichopewa wodini baada ya kujifungua kimepotelea wapi?

1. Mama Wawili (Ipagala)

Salaam kwenu nyote. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa wilayani Mpwapwa mwaka 2009. Asubuhi ya pili, kabla sijaruhusiwa kutoka wodini, muuguzi alinipa kidonge kimoja laini chekundu, akasimama mbele yangu na kikombe cha maji mpaka alipohakikisha nimekimeza. Alinieleza kuwa ni vitamini A, na kwamba itapita kwenye maziwa na kumkinga mwanangu. Wa pili nimemzaa hapa Dodoma mjini wiki kumi zilizopita, na safari hii nimerudi nyumbani na pakiti ya vidonge vya kuongeza damu peke yake. Nilipomuuliza muuguzi habari za kile chekundu alitabasamu tu. Nadhani wakati mimi nakimeza yeye alikuwa bado shule ya msingi.

Lipo na la pili. Juzi nilipita duka la dawa kununua dawa ya mafua, nikaonyeshwa chupa ya vitamini mchanganyiko kwa mama anayenyonyesha, shilingi 38,000, nikaambiwa kuwa maziwa yangu ni mepesi na mtoto hatashiba. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Bahi kunilea siku arobaini na bado yupo, anasema uji wa uwele na mlenda vinatosha, kwa kuwa amelea watoto saba bila chupa ya mtu. Mume wangu amenyamaza, kama wanaume wanavyonyamaza mama zao wanapozungumza. Kile kidonge kiliondolewa au kimekwisha? Na chupa hii ninunue?

2. Mlipa Kodi

Kimekwisha, dada. Katika nchi hii kitu kikitoweka hospitalini usitafute sababu ya kisayansi, tafuta ghala.

3. Nesi Mstaafu (Kondoa)

Mlipa Kodi, polepole baba. Nimefanya kazi katika wodi ya wazazi kwa miaka thelathini na mmoja, na dawa kwisha nimekushuhudia mara nyingi kuliko unavyodhani, lakini jambo hili lina historia yake. Kile chekundu kilikuwa na yuniti za kimataifa 200,000 za vitamini A, na utaratibu ulikuwa kumpa mama mara moja tu, ndani ya wiki sita hadi nane za kwanza baada ya kujifungua. Kikomo hicho hakikuwekwa ovyo. Vitamini A kwa kiwango kikubwa inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni katika miezi ya mwanzo, na mama akishapita wiki hizo huna tena hakika kuwa hajashika mimba nyingine.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya, likasema kuwapa akina mama dozi hiyo baada ya kujifungua hakupendekezwi tena kama njia ya kuzuia maradhi na vifo vya mama na mtoto, kwa sababu majaribio yaliyokusanywa hayakuonyesha faida iliyotarajiwa. Halikusema kuwa vitamini A haina kazi mwilini. Mama bado anahimizwa kuipata katika chakula, na mtoto wako hajasahauliwa: akifikisha miezi sita atapata kidonge chake cha bluu chenye yuniti 100,000, na kuanzia mwaka mmoja hadi kabla hajatimiza mitano atapata chekundu chenye yuniti 200,000, kila baada ya miezi sita. Kwetu kampeni hiyo huwa Juni na Desemba, na wenye umri wa mwaka mmoja na kuendelea hupewa pamoja na dawa ya minyoo. Muuguzi hukata ncha ya kidonge kwa mkasi na kukamulia matone mdomoni. Usimwachie mtoto akimeze kizima.

Kuhusu "maziwa mepesi", nimelisikia neno hilo tangu niko mwanafunzi. Maziwa yanayotangulia kutoka huonekana kama maji ya mchele, na yanayofuata titi likielekea kwisha huwa na mafuta zaidi. Anayejua kama mtoto anashiba ni mzani wa kliniki na nepi zinazolowa. Mwenye duka la dawa hakumpima mtoto wala hakumwona, sasa amejuaje?

4. Mlipa Kodi

Ahsante, mama, na kwa heshima yote nakubali nusu. Kama mwongozo ni wa mwaka 2011, mbona dada yangu alijifungua mwaka 2013 katika wilaya moja ya mkoa huu akapewa, na mke wa rafiki yangu alijifungua mwaka 2010 hapahapa mjini asipewe? Karatasi inayotoka Geneva haiwezi kuwafikia wengine kabla haijaandikwa. Mimi nabaki na ghala langu.

5. Fundi Chakula (Kizota)

Naleta sababu ya tatu. Mwaka huohuo wa 2011 nchi yetu ilipata kanuni za kurutubisha vyakula, zinazotaka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, na mafuta ya kula yaongezwe vitamini A. Kwa hiyo mama anayekaangia mafuta yaliyorutubishwa anapata vitamini hiyo kidogokidogo kila siku, na kidogokidogo ya kila siku ina maana kuliko dozi moja kubwa ya siku moja. Kwa maoni yangu hilo pia lilipunguza haja ya kile kidonge.

6. Nesi Mstaafu (Kondoa)

Fundi Chakula, mwongozo ule ni wa dunia nzima. Hawakukaa kuuandika huku wakipima mafuta ya Tanzania.

7. Msafiri wa Singida

Na mafuta yenyewe ni yapi? Ukitoka Dodoma kwenda Singida utaona alizeti katika chupa za maji zilizopangwa kando ya lami, zinang'aa juani kutwa nzima. Hayo yamekamuliwa na mashine ndogo za mitaani na hayajaongezwa chochote. Unga nao ni vivyo hivyo: mahindi yanayosagwa kwa debe katika mashine ya kijijini hutoka kama yalivyoingia. Kanuni hizo zinamfikia anayenunua mfuko wenye chapa; mama wa Chipanga au Manchali anazisikia redioni.

8. Fundi Chakula (Kizota)

Nakubali kuhusu viwanda vidogo. Naongeza tu kwamba hata mafuta yasiyorutubishwa yana kazi yake, kwa sababu rangi ya njano iliyomo katika mboga, hata zile za kijani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri ikiwa mlo una mafuta. Mchicha uliochemshwa kwa maji matupu unampa mama kidogo sana kuliko mchicha uleule ulioungwa. Na chupa inayong'aa juani ni kosa la pili, kwa kuwa mwanga huharibu mafuta.

9. Mfamasia wa Mtaani (Area C)

Naomba niitetee kidogo kazi yangu kabla hamjanifukuza. Virutubishi vya maziwa ya mama si vya aina moja. Vipo ambavyo mama akivikosa maziwa nayo hupungukiwa: vitamini A, vitamini B karibu zote zikiwamo B1, B2, B6 na B12, halafu madini joto. Kwa hivyo mama akila vizuri au akimeza kidonge, mtoto anafaidika moja kwa moja. Vipo vingine ambavyo maziwa hujichukulia hata kama mama amepungukiwa, kama madini ya chuma, kalisi, zinki na asidi ya foliki. Kalisi, kwa mfano, huchotwa katika mifupa ya mama, na mifupa hiyo hujijenga tena baada ya kumwachisha mtoto ziwa. Hapo kidonge ni kwa ajili ya mama mwenyewe. Hakibadilishi kitu kikubwa katika maziwa.

Kwa hiyo Mama Wawili, chupa ile si uongo na si muujiza. Ikiwa unakula nyama, mayai, samaki au maziwa mara chache sana, ina sababu ya kuwapo. Lakini aliyekuuzia kwa hoja ya maziwa mepesi alikosea. Mimi mwenyewe ninazo rafuni, na huwa nauliza kwanza mama anakula nini.

10. Mlipa Kodi

Mfamasia anayeuliza kwanza, kisha anauza. Tunashukuru kwa utaratibu.

11. Dada Asiyekula Nyama (Mlimwa)

Aliyosema Mfamasia kuhusu B12 yamenigusa. Kwa imani ya nyumbani kwetu hatuli nyama wala samaki, na mimi niliacha hata mayai na maziwa ya ng'ombe nilipokuwa na mimba ya kwanza. Vitamini B12 haipatikani katika mboga, nafaka wala kunde zetu, inatoka kwa vyakula vya wanyama. Daktari aliyeniona nikiwa na mtoto wa miezi minne aliniuliza jambo hilo moja tu, kisha akaniandikia vidonge vya B12 bila kunilaumu, akanieleza kuwa mtoto wa mama asiyeipata anaweza kupungukiwa damu na kuchelewa kukua akili hata kama ananyonya sana. Sikuacha imani yangu. Nimerudia mayai na maziwa, na vidonge naendelea navyo. Unga wa mlonge nilioshauriwa na majirani niliuweka pembeni, kwa sababu hauwezi kuwa na kitu ambacho mimea haina.

12. Mwalimu wa Chamwino

Kwa kuwa Mama Wawili amepewa vidonge vya kuongeza damu, naomba nisimulie yaliyotupata nyumbani. Mke wangu alipewa vidonge hivyo wakati wa mimba na akaendelea navyo baada ya kujifungua. Kila siku alikuwa akivimeza saa kumi jioni, pamoja na chai ya rangi iliyoiva hadi ikawa nyeusi, kwa sababu ndiyo saa aliyoikumbuka. Miezi miwili ikapita na damu haikupanda. Muuguzi mmoja wa zahanati akamwuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: unavimeza na nini? Chai ina kitu kinachoshikana na madini ya chuma tumboni, yasifyonzwe. Akamwambia avimeze kwa maji na ubuyu, na chai isogezwe mbele kwa saa moja au mbili.

Mengine niliyagundua mwenyewe nilipokuwa nakunja vitanda. Chini ya godoro, upande wa ukutani, palikuwa na vidonge kumi na vinne vimefungwa kwenye ncha ya kitenge. Alikuwa ameona choo chake kimekuwa cheusi akadhani anavuja damu tumboni, akaogopa kuniambia na akaogopa kumwambia nesi. Hakuna aliyemtahadharisha kwamba vidonge vya chuma huleta choo cheusi na pengine kufunga choo. Sasa sijui lililozuia damu isipande lilikuwa chai au godoro.

13. Nesi Mstaafu (Kondoa)

Mwalimu, yote mawili. Na lipo la tatu, ambalo hukulitaja pengine kwa adabu: udongo. Wajawazito na wazazi wengi wa huku kwetu hutafuna udongo ule wa vipande unaouzwa sokoni karibu na ubuyu, na udongo nao huzuia chuma kufyonzwa, mbali na minyoo unaoweza kubeba. Nilikuwa nawauliza kwa kuchekacheka, kwa sababu ukiuliza kwa ukali hakuna atakayekiri.

Kwa kumbukumbu, Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo ambayo upungufu wa damu kwa wajawazito ni tatizo la jamii, mama aendelee na chuma na asidi ya foliki kwa wiki sita hadi kumi na mbili baada ya kujifungua. Kwa hiyo Mama Wawili, katika wiki yako ya kumi usiitupe pakiti hiyo.

14. Mgogo Halisi (Bahi)

Namuunga mkono mama mkwe, na si kwa sababu tunatoka wilaya moja. Uwele una madini ya chuma mengi kuliko mahindi ya kukobolewa, mlenda umejaa majani ya kijani, karanga zina mafuta, ubuyu una vitamini C. Mlo huo umekamilika. Bibi zetu hawakujua neno vitamini, na wao ndio waliolea watu wanaobishana humu.

15. Fundi Chakula (Kizota)

Mlo ni mzuri, Mgogo Halisi, matengenezo yake ndiyo yana mambo. Chuma cha uwele kimefungwa ndani ya nafaka na hakifyonzwi kwa urahisi. Kuloweka, kuchachusha au kuotesha kimea ndiko kunakokifungua, na bibi zetu waliotengeneza togwa walikuwa wanafanya hivyo bila darasa. Ubuyu ukichemshwa pamoja na uji, vitamini C yake hupotea kwa moto. Unatakiwa ukorogwe uji ukishateremshwa na kupoa kidogo. Nazungumzia ubuyu mweupe wa unga, maana ule uliopikwa kwa sukari na rangi nyekundu ni pipi tu.

Kisha mlenda. Mlenda mbichi wa masika ni mboga ya kwanza kwa sifa. Lakini mwingi tunaoula kuanzia Julai umekaushwa juu ya bati au mwamba, jua la utosini, siku tatu hadi unapondeka. Jua hilo huunguza vitamini C na sehemu kubwa ya ile rangi inayogeuka vitamini A. Ukikaushwa kivulini penye upepo, au chini ya kitambaa cheusi, hubaki nayo zaidi. Na magadi tunayotia ili ulainike haraka humaliza vitamini C iliyosalia pamoja na B1.

16. Mgogo Halisi (Bahi)

Mlenda bila magadi? Sasa umefika mbali, ndugu yangu.

17. Mzaliwa wa Machame

Ndiyo maana kwetu mama mzazi hupewa mtori wenye nyama na mifupa kwa miezi mitatu na hafanyi kazi yoyote. Mimi nilikuja Dodoma na uhamisho wa serikali, nikajifungulia hapa, na mama yangu akaleta ndizi kwa basi kila wiki. Maziwa yalijaa hadi yakawa yanalowesha kanga. Tafadhalini msije na magadi.

18. Mfamasia wa Mtaani (Area C)

Mtori ni chakula kizuri, lakini maziwa yako yalijazwa zaidi na lile pumziko na mtoto aliyekuwa kifuani muda wote. Titi likinyonywa na kukamuka ndipo mwili hupata amri ya kutengeneza mengine, na kunyonyesha usiku kuna nguvu ya pekee. Uji wa pilipili manga, uwatu, supu ya kongoro, kila kabila lina chake, na ninachokiona mimi ni kwamba vyote hivyo vinampa mama maji na nishati. Anayenyonyesha anahitaji nyongeza inayokaribia kilokalori 500 kwa siku, yaani mlo mmoja mdogo juu ya milo yake. Wengi hawaupati kwa sababu wanakula mwisho, sufuria ikiwa imeshakwanguliwa.

19. Mzaliwa wa Machame

Ndizi pia zilisaidia.

20. Dalali wa Kibaigwa

Karanga zimeshatajwa humu, na hakuna aliyetaja sumukuvu. Mimi nanunua na kuuza nafaka, kwa hiyo nisemayo yananiumiza mfukoni. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yaliyoota ukungu. Tuliwaona watoto wenye macho ya manjano na matumbo yaliyojaa maji. Sumu hiyo haitoki kwa kuosha, wala kupika kwa kawaida hakuimalizi. Na kwa uzi huu kuna jambo la kuogopesha zaidi: mama akila chakula chenye sumukuvu, sehemu yake hutokea katika maziwa yake, kama inavyotokea kwa ng'ombe.

Sasa fikirieni ule unga wa lishe unaosifiwa, wa mahindi, karanga, soya na mchele, uliosagwa pamoja. Nimeona kwa macho yangu jinsi karanga zinavyochambuliwa sokoni: nzima, nene, zenye ngozi ya waridi zinawekwa upande wa kuuza kwa kilo, zilizokunjamana, zilizopasuka na zenye vumbi la kijivu zinaingia gunia la "karanga za kusaga". Mama ananunua zilizosagwa kwa kuwa ni rahisi, na hawezi kuona kilichoingia. Nawasihi mnunue karanga nzima, mzichambue juu ya ungo mchana kweupe, mtupe zilizobadilika, na kuku nao msiwape. Kisha ndipo msage.

21. Mlipa Kodi

Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 kulima karanga na kufika 1951 walikuwa wameshakata tamaa. Naona waliondoka kabla ya kufika kwenye uchambuzi.

22. Mama Wawili (Ipagala)

Dalali, umenitisha. Je, niache kunyonyesha kwa ajili ya hiyo sumu?

23. Nesi Mstaafu (Kondoa)

La hasha! Mtoto akiachishwa atapewa uji wa nafaka hizohizo, na humo sumu huwa nyingi kuliko iliyopita kwa mama. Mpaka miezi sita ni maziwa yako peke yake, kisha chakula cha nyongeza huku ukinyonyesha hadi miaka miwili au zaidi. Alichosema Dalali kinahusu kuchagua karanga na mahindi, wewe mwenyewe na kwa chakula cha mtoto baadaye.

24. Baba Njiti (Nkuhungu)

Naomba niongeze hali ambayo haijaguswa. Mliyosema kuhusu mtoto kutoshwa na maziwa peke yake mpaka miezi sita ni ya mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni. Mtoto huchukua akiba ya chuma kwa mama yake, na kwa waliotimia huwatosha karibu hadi miezi sita. Wetu alizaliwa na kilo moja na gramu mia tatu, akiba hana, akaandikiwa matone ya chuma mapema, na bado jirani mmoja alituambia tunampa sumu kwa kuwa "maziwa ya mama yanatosha". Kanuni ya jumla inaweza kumuumiza mtoto asiye wa jumla. Tulichojifunza pia ni kwamba kitovu kisipokatwa kwa haraka, kikasubiri dakika moja hadi tatu, damu ya kondo humfikia mtoto na kumwongezea akiba hiyo.

25. Shangazi wa Uswidi

Mimi ni mzaliwa wa Kikuyu hapo Dodoma, naishi Uswidi. Wanangu wote walipewa matone ya vitamini D kuanzia wiki ya kwanza au ya pili, na hakuna aliyeuliza kama mama anakula vizuri. Maziwa ya mama yana vitamini D kidogo mno. Marekani nako madaktari wa watoto wanapendekeza yuniti 400 kila siku kwa mtoto anayenyonya. Kwa nini huko nyumbani hamyapewi?

26. Mgogo Halisi (Bahi)

Shangazi, huku jua tunalo hadi la kuunguza mlenda. Dodoma iko nyuzi sita tu kusini mwa ikweta.

27. Mfamasia wa Mtaani (Area C)

Mgogo Halisi, jua liko nje na mtoto yuko ndani, amefungwa kofia, soksi na blanketi mbili, mwezi wa kumi! Vitamini D hutengenezwa jua linapogusa ngozi, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi. Nimeona matege katika mji huu wenye jua. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani halijapendekeza matone kwa kila mtoto aliyetimia, kwa hiyo aliyeko Uswidi na aliyeko Bahi wote wanaweza kuwa sahihi mahali walipo. Yupo pia anayesema ni bora kumpa mama dozi kubwa. Jaribio la Marekani lililotolewa mwaka 2015 lilitumia yuniti 6,400 kwa siku kwa mama na maziwa yakamtosha mtoto, lakini sishauri mtu ajipimie kiwango hicho dukani.

28. Mwalimu wa Chamwino

Joto limetajwa, nami nina swali dogo. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja midomo ya watoto hukauka kabisa. Kweli mtoto wa miezi mitatu hahitaji hata kijiko cha maji?

29. Nesi Mstaafu (Kondoa)

Kweli kabisa, Mwalimu. Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 87. Mtoto akiona kiu ananyonya mara nyingi zaidi, na anayehitaji kikombe cha maji ni mama. Maji ya kijiko hujaza tumbo dogo, hupunguza kunyonya, na katika mji wa visima na madumu huleta kuharisha.

30. Mzee wa Rovu (Mpwapwa)

Mmesahau chumvi. Wakati wa ujana wangu walipita vijijini kutugawia vidonge vya mafuta vyenye madini joto kwa sababu ya rovu, ule uvimbe wa shingo. Miaka ya tisini ikaja sheria ya kutia madini joto katika chumvi yenyewe. Mama anayenyonyesha anahitaji mikrogramu 250 kwa siku, na Mfamasia ameshasema kuwa madini joto ni katika yale yanayopungua kwenye maziwa. Bado naona chumvi ya mawe isiyo na chapa ikipimwa kwa kopo mnadani. Iliyotiwa madini joto ifunikwe, na itiwe chungu kikikaribia kuteremshwa.

31. Mama Wawili (Ipagala)

Nashukuru sana, wazee na ndugu zangu. Leo nimetoka kliniki. Mtoto amefikisha kilo tano na nusu na mstari wa kadi unapanda. Mimi nilipimwa wingi wa damu, nikakutwa na 10.4, wakati mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi. Nimeongezewa vidonge vya chuma, na nimekiri habari ya chai. Udongo sijaulizwa, nami sikujitolea. Chupa ya 38,000 sijainunua. Fedha ile nimenunua trei mbili za mayai na dagaa, na nyingine nimeiweka.

Kuhusu kidonge chekundu, nimeuliza wauguzi wawili wa kliniki hiyohiyo. Mmoja amesema mwongozo ulibadilika. Wa pili, mtu mzima, amesema kwa kituo alichokuwako zamani viliacha kuletwa kwanza, na barua ya kueleza kwa nini ikaja baadaye.

32. Mlipa Kodi

Ghala!

33. Nesi Mstaafu (Kondoa)

Barua kuchelewa si ghala, Mlipa Kodi. Usianze upya.

34. Fundi Chakula (Kizota)

Na mlenda, Mama Wawili?

35. Mama Wawili (Ipagala)

Nimemsomea mama mkwe bandiko lako lote. Amekubali ungo ushuke kutoka juu ya bati, na sasa uko barazani kivulini, umefunikwa kwa kitenge changu cheusi cha msibani. Magadi amekataa hata kuyajadili. Kila nikipita anaugeuza mlenda kwa kidole kimoja, ananitazama, anasema kwa kasi hiyo utakauka Nanenane.